Waliokula Sufuria ya Kwanza

Siku ile ya mazishi naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Mnasema uzee unapoza mtu. Mimi haujanipoza.

Miaka ile Kakonko ndiyo kwanza ilikuwa imemegwa kutoka Kibondo ikawa wilaya. Nilikuwa nimeolewa Gwarama, bado nina nguvu za kushuka bondeni na kupanda na karai la mihogo kichwani bila kupumzika. Jirani yetu Merania akafiwa na baba mkwe wake. Kwetu msiba ni wa wote, kila nyumba inabeba inachoweza. Wifi yangu Joselina, mjane, akapeleka debe zima la unga wa muhogo. Yeye na Merania walikuwa wanagombania mpaka wa shamba, lakini alipeleka. Msibani watu huweka ugomvi kando.

Jioni watu wakaanza kutapika. Vichwa vinagonga, miguu haina nguvu, mtoto wa mwenyekiti wa kitongoji akakimbizwa zahanati kwa bodaboda. Kufika asubuhi midomoni lilikuwa jina moja tu: Joselina. Eti ameroga unga.

Mwenyekiti akasema atafanya uchunguzi. Uchunguzi! Hebu sikia uchunguzi wenyewe. Alipita na vijana wake kwenye nyumba za wagonjwa tu, akiuliza swali moja: "Unga wa Joselina ulikula?" Nani angesema hapana, na wote walikula msibani? Halafu wakachukua unga nyumbani kwa Joselina, wakampikia mbwa. Mbwa akatapika. Basi, kesi imekwisha! Na mbwa mwenyewe alikuwa ameshinda msibani akilamba masufuria. Joselina akaambiwa siku ya gulio isimkute pale, yeye na wanawe. "Lisemwalo lipo," mwenyekiti akasema, kana kwamba methali ni shahidi.

Nikampigia simu shangazi yangu Esteria, muuguzi mstaafu, akaja kutoka Kibondo. Nilidhani atashuka kwenye pikipiki akifoka. Wapi! Alikaa, akanywa maji, akaanza kumuuliza Joselina maswali makali kama na yeye anamshuku. Nikakasirika. "Shangazi, nimekuita umtetee wifi yangu."

Akanikata jicho. "Sikuja kumtetea mtu. Nimekuja kuuliza. Nikija na jibu mfukoni, nina tofauti gani na hao?"

Kwenye kikao cha kitongoji shangazi akamgeukia mwenyekiti. "Waliougua mmewauliza. Na wazima?"

"Wazima waulizwe nini, mama?"

"Walikula nini."

Mwanangu, kwetu wachimba kaburi hula kwanza, pembeni yao, kisha hunawa wakaenda zao. Hakuna aliyekumbuka kuwauliza, wale waliokula mapema kuliko wote! Wakaitwa. Walikula sufuria ya kwanza, na wapishi wakasema wenyewe kwamba ugali wa sufuria ya kwanza ulisongwa kwa unga wa Joselina. Wote wazima, isipokuwa mmoja. Vijana wakaruka: "Umeona! Huyo ametapika!" Shangazi hakumficha yule mtu wala hakumruka. Akamuuliza taratibu kama alikula tena mahali pengine. Yule bwana akainamisha kichwa. Alirudi alasiri akala mara ya pili. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, na hasira zangu zote.

Basi wakaulizwa wagonjwa upya, mmoja mmoja. Wote walikula sufuria ya pili. Na unga wake ulitoka wapi? Merania akaanza kulia. Walipoona debe la Joselina halitatosha, walitoa mihogo yao michungu iliyolowekwa bondeni usiku mmoja tu, wakaikausha juu ya moto, wakaitwanga. Hakuna mwanamke wa kwetu asiyejua kwamba muhogo mchungu unataka kukaa majini mpaka ulainike. Una sumu yake, hauhitaji mchawi. Lakini wageni wamejaa uani na wana njaa, utafanyaje?

Nikasimama nimnyooshee Merania kidole. Shangazi akanivuta kitenge. "Kaa chini. Unataka kubadilisha jina tu, ujinga uwe ule ule?" Hata yeye hakusema amejua. Alisema yaelekea ni muhogo, unga ule asile mtu, na kule zahanati waambiwe hivyo.

Mwenyekiti akakohoa. "Basi, yaishe."

Yaishe! Vijana wake walikuwa wameshafyeka migomba yote ya Joselina kabla hata kikao hakijaanza. Maji yakimwagika hayazoleki. Hakuna aliyemwomba radhi, hata mmoja. Alihamia Rungwe Mpya kwa mama yake mdogo, na mpaka leo akiitwa msibani anabeba kuni. Unga habebi tena.

Ndiyo maana nakuambia wewe unayekwenda kusomea mambo ya kuchunguza. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wewe utavutia kwako, kwa hiyo jilinde na moyo wako kabla ya kujilinda na waongo. Kabla hujatoka nyumbani, jiulize ni jibu gani litakuonyesha kwamba umekosea, kisha ulitafute hilo. Waulize na wazima. Yule mmoja anayeharibu hesabu yako usimfiche, mwulize alikula wapi tena. Ukiwa na mbwa mmoja, sema nina mbwa mmoja. Na usiporidhika, sema sijui, haitakuua. Ila ukisema najua kabla ya kujua, kuna mtu mahali fulani atafyekewa migomba.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya muhogo majini, akupe macho ya kuwaona waliokula mapema wakaenda zao, na kila utakapotamka neno, awepo mjane mmoja atakayebaki kwake kwa sababu uliuliza kwanza.