Nusu Kidonge cha Jirani

Serikali ilipotangaza mafunzo ya kulipwa ya afya ya umma kwa wanafunzi wa famasia na udaktari, nilicheka peke yangu nyumbani, mtaani Pioneer, hadi mama akaniuliza nimeokota nini. Mimi ni wa diploma ya famasia tu, tena ya kupenya kwa dirisha. Lakini kichwani nilikuwa nishafungua duka langu la dawa, lenye AC, humu Eldoret tunamovaa sweta mwaka mzima.

Mwezi wa kwanza tulilipwa tisheti ya kijani. Tisheti nzuri sana. Pesa zenyewe, tuliambiwa, ziko njiani. Nadhani zilikuwa zinakuja kwa miguu.

Nilipelekwa zahanati moja upande wa Ainabkoi, pamoja na mwanafunzi wa udaktari ambaye stethoskopu haikumtoka shingoni hata akila githeri. Kazi yetu ilikuwa kuwatembelea wagonjwa wa presha nyumbani, kuwapima na kuwauliza kama wanameza dawa.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa viazi.

"Karibuni, madaktari. Mmekuja kunipima ama kunywa chai?"

"Yote mawili, Mama," nikasema, na nikampenda hapo hapo.

Presha ilikuwa juu. Wiki iliyofuata ilikuwa juu zaidi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi asubuhi. Pakiti tupu za dawa alikuwa amezipanga dirishani, mgonjwa mtiifu kuliko wote kaunti ya Uasin Gishu. Mwenzangu akatangaza, kwa Kiingereza cha darasani, kwamba dawa imeshindwa na lazima dozi iongezwe. Mimi niliwaza kiharusi tu, na shamba lile la viazi bila mwenyewe.

Tulirudi kumwambia habari ya dozi. Mama akawa anatuhadithia bei ya mbolea, na huku mikono ikifanya kazi yake ya kila siku: akatoa kidonge, akakikata kwa kisu cha viazi, nusu akameza, nusu akaiweka kwenye kisahani.

Nikakinyooshea kisahani kidole.

"Hiyo nusu ni ya nani, Mama?"

"Ya paka."

"Paka ana presha?"

"Na maisha ya siku hizi, mwanangu?"

Kicheko kikatoka jikoni. Jirani yake, mama mnene mwenye kitambaa cha kwaya kichwani, alikuwa amefika kuchukua nusu yake na sasa hakuwa na pa kujificha. Akaeleza mwenyewe. Mwaka uliopita alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu amemponya presha. Watu wakapiga vigelegele, mchungaji akalia. Sasa angepangaje foleni ya dawa mbele ya waumini haohao?

"Na huyu hawezi kumeza nikimwangalia tu," akasema. "Ana roho nzuri."

Roho nzuri, naam. Presha mbili kwa kidonge kimoja. Mwenzangu alifungua mdomo kutoa mhadhara, nikamkanyaga mguu kwa heshima zote za taaluma.

"Mama," nikamwambia jirani, "siku ya kliniki msindikize rafiki yako. Mkono wake si mzuri."

"Kusindikiza tu?"

"Kusindikiza tu. Lakini anayekaa kwenye benchi letu hupimwa, hata awe mgeni."

Siku ya kliniki walifika pamoja. Benchi lilikuwa limekaliwa na nusu ya kwaya ya jirani. Kila mmoja, kwa maelezo yake, alikuwa anasindikiza mtu. Mke wa mchungaji alikuwa mbele kabisa, akisindikiza, nadhani, mkoba wake. Walisalimiana kwa furaha kubwa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake swali.

Nesi alipompima jirani, tabasamu la nesi likafifia; presha ilikuwa juu mno. Akaandikiwa dawa zake mwenyewe saa ileile. Dozi ya mama wetu haikuongezwa. Aliambiwa tu aile nzima.

Mimi ndiye niliyegawa dawa dirishani. Jirani akaigeuza pakiti mkononi, kisha akamwangalia mwenzangu.

"Daktari, hizi ni za kumsaidia Mungu kumalizia, sivyo?"

Nilijua jibu refu linakuja. Halikuja. Kijana wa watu alikohoa kidogo, akasema taratibu, "Ndiyo, Mama. Lakini ni za kila siku. Na usimkatie mtu."

Jirani akatoa kidonge kimoja, akakimeza pale pale dirishani, kwaya ikimwangalia.