Poda Kwenye Reli

Mtaani walimwita baba Stesheni Masta, ingawa hakuwahi kufanya kazi reli hata siku moja. Alikuwa fundi redio. Treni yake ilikuwa katika chumba cha uani, juu ya ubao mpana kama kitanda: injini ya urefu wa kiganja, mabehewa sita, daraja la vijiti na stesheni ya maboksi ya dawa. Umeme ulipita kwenye reli kutoka transfoma ya redio, na treni ikazunguka bila kusita. Kugusa marufuku. Hata mama akiingia kufagia aliamriwa asimame nyuma ya mstari wa chaki sakafuni.

Siku moja baba alichora alama nyekundu kwenye reli, akaegesha injini juu yake. Kesho yake akaikuta imepita alama kwa upana wa kidole. Keshokutwa, vivyo hivyo.

"Kuna mtu anachezea treni yangu," alisema mezani, akitutazama mmoja mmoja. Sikuwa nimefanya lolote.

Mama huwasha taa kwa ncha ya kidole, akiogopa shoti. Mimi nashinda kazini, duka la dawa. Akabaki mjomba, kaka yake mama, dereva wa lori aliyevunjika mguu akaja kwetu kupona kwa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Alikuwa mpole, si msemaji, na mtu mkimya ukishamshuku, hata ukimya wake unageuka ushahidi. Siku yangu ya mapumziko nilimsikia akivuta mguu kuelekea uani, baba akiwa kazini. Nikamwambia baba. Ndiyo, ni mimi niliyesema, na nilijiona mwerevu.

Baba akanyunyiza poda ya mama kwenye reli, akaenda kazini kama kawaida. Adhuhuri akarudi bila kubisha hodi. Mikono ya shati la mjomba ilikuwa myeupe hadi viwikoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," baba akasema.

"Nilikuwa napangusa reli tu, shemeji. Zinashika vumbi."

"Reli zangu? Miaka mitatu treni haijakwama hata mara moja! Unaniona mtoto?"

"Kaka, si useme ukweli tu yaishe," mama akamsihi.

"Ukweli wenyewe ndio huo, dada."

Hakuna aliyemwamini. Jioni ile mjomba alibeba begi lake akaenda kukaa kwa dereva mwenzake. Baba akatia kufuli mlango wa chumba cha treni.

Wiki ya tatu treni ikaanza kusitasita. "Ameniharibia injini kabla ya kuondoka!" baba alifoka. Akaifungua mota, akaisafisha, akaifunga, akaifungua tena. Haikuwa na kasoro. Siku iliyofuata ikazimika kabisa kwenye kona ya daraja.

Niliinama kutafuta waya uliokatika. Chini ya ubao nikakuta kitambaa kilichokunjwa vizuri, cheusi tititi, na chupa ya spiriti kutoka dukani kwetu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimletea mjomba, chupa baada ya chupa, nikidhani ni ya kuchulia mguu. Nikalowesha kitambaa, nikapangusa reli pale konani, na treni ikaondoka.

Baba aliitazama ikizunguka mara mbili, kisha akazima umeme.

"Mpigie mjomba wako."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie treni imekwama."

Niliweka simu kwenye spika ili baba naye asikie. Nikamwambia mjomba treni imekwama. "Ni pale kwenye kona ya daraja," akasema. "Dirisha la pale halifungiki vizuri. Muwe mnaanzia pale." Kisha akauliza, "Shemeji hajambo?"

Baba alikuwa ameshatoa kufuli mlangoni. Alilishika mkononi, akiligeuzageuza. Ikabidi nimjibie kwamba hajambo. Nikamwomba mjomba msamaha, nikamwambia arudi nyumbani.

Alijibu kwa upole wake ule ule: huko aliko, hakuna anayemkagua mikono.