Kibao Chenye Dosari

Adrienne alifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari ya Kalemie, na kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kulitamka jina la Marthe nyumbani kwake. Walisoma pamoja chuo kikuu Lubumbashi. Mwaka wa mwisho Adrienne alimshinda mwenzake kwa alama mbili, na bursi ya kwenda kusomea Ubelgiji ilikuwa moja tu. Siku ya mahojiano ilikaribia Adrienne akiwa Kalemie, amekuja kumzika mama yake. Alipanda treni kurudi, treni ikakaa Kabalo siku nne ikingoja kichwa kingine. Alipofika, nafasi ilikuwa ya Marthe.

Hakuna aliyemwibia. Hilo ndilo lililomkera zaidi, maana hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Mwezi wa tano, mwaka 1991, Marthe alikuja kuwaona wazazi wake, sasa ni daktari wa fizikia. Prefe, mkuu wa shule, akamwomba awape somo wanafunzi wa mwaka wa sita.

"Madamu Adrienne," prefe alisema, "utamusaidia Dokta. Umupangie meza vizuri."

Kumpangia meza! Katika darasa ambalo Adrienne alilifagia mwenyewe, akalipaka chokaa mwenyewe.

Somo lilihitaji azoti, ile nitrojeni ya hewani, iliyopozwa sana hadi ikawa maji. Papa Hippolyte, veterineri wa ng'ombe huko Pepa, alikuwa nayo; alihifadhia humo mbegu za madume ya Ulaya. Adrienne ndiye aliyemjua, ndiye aliyemwandikia. Mzee akateremka kutoka milimani hadi Moba, akapanda boti, akafika shuleni amekumbatia chupa yake kubwa ya chuma kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Dokta yuko wapi?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Adrienne akamwonyesha kwa kidole.

Asubuhi ya somo Marthe alimwachia kisanduku kidogo. "Unichungie hii, ndugu yangu. Naenda kusalimia walimu."

Adrienne alibaki peke yake. Akakifungua. Mlikuwa na vibao viwili vyembamba, kila kimoja kimepakwa utando mweusi juu. Kimoja kiling'aa kama kioo. Cha pili kilikuwa kimefifia, na chini yake pameandikwa kwa kalamu: *dosari*. Akafikiri, hiki njo kile kilichoharibika. Akakiviringisha kile kizuri katika leso, akakitia kwenye mkoba wake, akafunga kisanduku. Prefe na wanafunzi watazame Dokta wao akihangaika na takataka.

Darasa lilijaa hadi madirishani. Marthe alifungua kisanduku, akatafuta kwa kidole.

"Kimoja hakiko," alisema. Kisha akacheka. "Si kitu. Kile ninachokitaka kipo."

Papa Hippolyte akamimina azoti, moshi mweupe ukatambaa mezani. Marthe alikizamisha kile kibao kilichofifia, akakitoa kwa kibanio cha mbao, akakiweka juu ya sumaku. Hakikugusa. Kilisimama hewani, unene wa kidole juu ya sumaku. Akaigeuza sumaku juu chini, na kibao kikaning'inia chini yake bila kuanguka. Wanafunzi walipiga kelele. Papa Hippolyte alivua kofia.

"Ukikipoza hivi, umeme unapita ndani yake bila kuchoka," Marthe alisema. "Lakini nguvu ya sumaku inapenya utando kama nyuzi nyembamba. Nyuzi zikitembea, umeme unaanza kupotea. Kwa hiyo tunauharibu utando kwa makusudi. Tunautia vidoa vidogo sana. Katika upana wa unywele mmoja unaweza kupanga maelfu. Kila uzi unanasa kwenye kidoa chake, hautoki tena. Utando safi kabisa hauna pa kuzishika."

Halafu akaongeza, akitazama nyuma: "Mambo ya sumaku, mimi nilifundishwa na Madamu wenu. Alikuwa ananipita."

Watu wakageuka na kumtazama Adrienne. Afadhali angetukanwa.

Darasa lilipotoka, alikwenda mbele, akaweka leso mezani na kuifungua. Marthe alikichukua kile kibao.

"Kwa nini?"

"Wivu," Adrienne alisema. "Nilitaka ushindwe."

Marthe aliivuta ile chupa ya Papa Hippolyte. Alimimina azoti iliyobaki, akakipoza kile kibao kizuri, akakiweka juu ya sumaku. Kikateleza, kikaanguka. Akakirudisha, kikateleza tena upande mwingine.

"Ungeniomba, ningekuonyesha vyote viwili," alisema mwishowe. "Nimevibeba toka Ulaya juu ya magoti yangu." Akafunga kisanduku, akaenda. Kesho yake aliondoka Kalemie bila kuja kuaga.

Adrienne alimsimulia mume wake, Cyrille. Cyrille akamwambia amwandikie barua ya kuomba radhi. Aliianza mara sita, akaichana mara sita.

Mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja alivuka ziwa kutoka Kigoma na bahasha nene iliyotoka Ulaya. Ndani hamkuwa na salamu, ila makala ya Marthe juu ya vidoa vile na jinsi ya kuvipanga. Adrienne aliisoma wiki mbili kwa penseli. Ukurasa wa saba alikuta hesabu imekosewa, alama ya kutoa pahali pa kujumlisha. Alirudia mara tatu kuhakikisha. Furaha iliyomshika ilimtia aibu, lakini ilikuwa furaha.

Alimwandikia Marthe kosa lile, na chini yake, kwa mstari mmoja, akaomba radhi ya kibao.

Jibu lilichukua miezi minne. "Njo vile, umesema kweli. Nimesahihisha. Nakutumia nyingine, uitafutie makosa."

Adrienne aliipeleka barua kwa prefe ili aione. Prefe akauliza Dokta atarudi lini. Adrienne akasema hajui, akaenda darasani, wivu umemkaba vilevile, na ile makala mpya kwapani.