Neno Moja la Kiingereza Nililojifanya Nalijua

Jamani, nisemeni tu, nastahili. Kosa ni langu, si la daktari.

Nauza spea za magari mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Pale dukani wananiita Profesa, maana akija mteja wa kigeni naitwa mimi. Kiingereza chenyewe cha kuokoteza, ila zile sifa nilizipenda mno!

Mwaka juzi shangazi, aliyenilea tangu mama afariki, alijishika uvimbe kwenye titi. Nikampeleka kliniki moja yenye daktari mgeni. Nesi akataka kututafsiria. Nikamkatiza, "Usijisumbue dada, mimi nipo."

Daktari akampima, akasema, "Probably nothing." Akaongeza na mengine, yakanipita. Mimi nikasikia "properly". Sasa properly si ndiyo sawasawa, kabisa? Nikamgeukia shangazi, "Si kitu kabisa!"

"Una uhakika, baba?"

"Kabisa, shangazi."

Akashukuru Mungu mpaka machozi yakamtoka. Karatasi tuliyopewa nikaikunja nikatia mfukoni. Kuisoma, wapi! Tukapita Kariakoo akajinunulia dera.

Miezi saba baadaye titi likatoka kidonda. Akalazwa hospitali kubwa, daktari wa huko akaniita ofisini, akasema ni saratani na imeshasambaa. Nikampa ile karatasi, nikamwambia sisi tuliambiwa si kitu kabisa. Akaisoma, akanitazama.

"Kaka, hapa wameandika huenda si kitu, arudi baada ya wiki mbili hivi akatwe kinyama kipimwe. Huenda! Nani aliwaambia kabisa?"

Nilikaa chini bila kuambiwa. Mungu wangu, kumbe "probably" ni huenda!

Nikarudi wodini. Shangazi akauliza wamesemaje. Nikamjibu, na mdomo huu huu, "Yule daktari wa kwanza alikosea." Akasema, "Tumsamehe." Akafa anamsamehe mtu asiye na kosa.

Binti yake, Zuhura, hajasamehe. Kila tukikaa anamwapiza yule daktari, asione raha duniani. Na mimi, mbwa mimi, naitikia amina! Kumwambia ukweli nimeshindwa. Ndiyo maana naandika huku mtandaoni, bila jina.

Nyie mnaojifanya mnajua, acheni! Usiposikia vizuri sema, "Sijaelewa, rudia." Aliyepo anayejua, mwachie aseme. Watakucheka, waache wacheke. Mimi siku ile hakuna aliyenicheka, na shangazi yangu nimemzika.