Milembe, fundi wa Bariadi anayepoza tochi ya kuchomelea kwa mitungi ya mama mkwe

Saa moja kasoro asubuhi, Milembe Ferdinand anapapasa tumbo la mtungi wa udongo kwa kiganja, kisha anajipaka unyevu ule shavuni. Mtungi umeloa nje. Anatabasamu na kuhamia wa pili, halafu wa tatu.

Anayepita nje ya uzio wa nyumba hii ya Malambo, mjini Bariadi, anaweza kudhani mama huyu anauza maji ya kunywa. Lakini hatua mbili kutoka hapo ipo mashine ya kuchomelea aluminiamu, silinda ya gesi na meza ya chuma iliyojaa makovu. Bila mitungi ile, mashine hiyo haina faida kwa mtu.

"Wenzangu wanaanza siku kwa chai, mimi naanza kwa kushika mitungi," anasema huku akifunga aproni ya ngozi. "Ikitoka jasho, kazi ipo. Ikiwa mikavu, siwashi kitu."

Aluminiamu hunywa moto mwingi kabla haijakubali kushikana. Tochi, yaani kile kifaa ambacho fundi hukikamata mkononi ili kuelekeza moto, hupata joto la kuyeyusha mpini wake. Ndiyo maana tochi ya Milembe ina vinjia vyembamba vya kupitisha maji ndani yake. Maji yakisimama, tochi inaungua kwa dakika chache tu.

Kifaa cha kiwandani cha kupozea maji hayo kipo, ila bei yake inakaribia ya mashine yenyewe. Milembe hakuwa na fedha hizo.

Alizaliwa miaka 36 iliyopita Nyalikungu, wilayani Maswa. Kwa miaka kumi na mmoja alichomelea mageti na magrili katika karakana za watu, na siku akiondoka na shilingi 15,000 alihesabu kuwa ni siku ya bahati. Huko ndiko alikoona jambo lililomkera: kila kitu cha aluminiamu kikipasuka, kinapakiwa kwenye basi kwenda Mwanza.

"Nikajiuliza, hivi Mwanza wana mikono mingapi?"

Miaka miwili iliyopita yeye na mumewe, Novatus, mwalimu wa shule ya msingi, waliuza ng'ombe sita wakanunua mashine. Kwa Msukuma hilo si jambo la kuamua mezani watu wawili. Ng'ombe hao walitokana na mahari ya dada yake Novatus, na kaka mtu, Mashimba, mfugaji wa huko Lalago, alikuwa na neno juu yao.

Neno lake lilikuwa fupi. Msimu wa pamba ukiisha na mashine haijaonyesha kitu, iuzwe, ng'ombe warudi zizini.

"Sikumchukia shemeji," anasema Milembe. "Ng'ombe anazaa. Mashine yangu ilikuwa inakaa tu."

Ilikaa kweli. Tochi ya kwanza ilidumu siku kumi na moja. Milembe aliizungushia maji ya kisima kutoka kwenye ndoo, maji yale yale ya chumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria za chai. Ukoko ukajaa kwenye vile vinjia, maji yakakwama, tochi ikanuka plastiki na kuzima. Alilia, na hasemi kwa kuficha. Alilia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Jirani huyo alikuwa Eliaichi, mama wa Kichaga aliyehamia Bariadi kikazi na sasa ana duka la dawa. Alipoelezwa, alicheka kwanza. Kisha akasema kiyoyozi cha dukani kwake kinadondosha maji mchana kutwa, hayana chumvi wala vumbi, na yanamharibia ukuta.

Tangu siku hiyo kidumu cha lita tano kinakaa chini ya kiyoyozi cha Eliaichi.

Kusukuma maji hayo, Milembe alifungua bomba la betri la kupulizia dawa pamba, akatoa kipampu chake na kukiosha kwa sabuni siku tatu. Bomba la shaba alilichomoa kwenye friji mbovu, akalikunja mzunguko baada ya mzunguko. Ila lita tano hupata joto upesi, na hapo ndipo alipoutazama mtungi wa mama mkwe wake.

Bomba lile la shaba linalala ndani ya mtungi uliojaa maji ya kisima. Maji ya kiyoyozi yanapita ndani ya bomba, yanaacha joto lake kwenye maji ya chumvi, yanarudi kwenye tochi yakiwa ya baridi. Maji hayo mawili hayachanganyiki hata tone. Mtungi nao unayapoza ya kwake kama ulivyoyapoza maji ya kunywa miaka yote, kwa kuvuja jasho kidogo kidogo na kuachia upepo.

Mama mkwe, Kwandu, mwenye miaka 71, hakufurahi. "Nilitoka kanisani nikakuta mtungi wangu una nyaya," anasema. "Nikamwambia Novatus, mkeo sasa anapika umeme."

Hata hivyo alimwachia, akamwonyesha na mahali pa kununua mingine miwili. Kazi zikaanza kuja: sufuria za mama ntilie, vifuniko vya injini za pikipiki, ngazi za mafundi rangi. Sifa zikasambaa hadi Mwandoya. Na wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Milembe aliona haya. Wateja walikuwa wanakuja na magari, wanakuta mitungi ya kijijini. Akanunua rangi ya mafuta ya bluu, akaipaka yote mitatu, mara mbili, ikang'aa. Eliaichi alipoiona alisema imependeza kama ya hoteli.

Siku mbili baadaye, ukiwa umebaki mwezi mmoja msimu wa pamba uishe, likaja kasha la injini.

Lilitoka kijiji kimoja cha jirani na Lalago. Injini ya dizeli inayovuta maji ya kisima kirefu ilikuwa imepasuka kasha lake la aluminiamu, ufa wa urefu wa kalamu mbili. Kasha jipya lingechukua wiki tatu kufika. Watu walikuwa wanafuata maji kilomita tisa, na mifugo ilikuwa inakonda. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Charles Masunga, alilileta akiwa amelifunga kwa blanketi.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama. "Nimeambiwa hapa ndipo mwisho. Ukishindwa, sijui naenda wapi."

Milembe alilipasha kasha moto juu ya jiko la mkaa, akalichora kwa mche wa sabuni. Alama ya sabuni ilipogeuka kahawia, dalili kwamba joto limetosha, alishusha barakoa na kuanza. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha mpini wa tochi ukaanza kumchoma kupitia glavu.

Alisimama, akatia mkono mtungini. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mtungi wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Kasha likipoa lingepasuka upya pembeni ya mshono. Akiendelea, tochi ingeungua, na nyingine hakuwa nayo.

"Niliwaona ng'ombe sita wanapita mbele yangu," anasema. "Nawajua kwa rangi."

Kwandu alikuwa anapepeta mchele barazani. Alikuja, akagusa ule ubluu, akamtazama mkwewe na kumwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Justine, nani kakufundisha kuupaka mtungi rangi?"

"Mimi mwenyewe, mama. Nilitaka upendeze."

"Umeuziba ngozi. Utatokaje jasho?"

Hakungoja jibu. Alichochea mkaa chini ya kasha, akaingia ndani na kutoka na mtungi wake mwingine wa kunywea, umejaa, unatona. Akamwita Eliaichi kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Wanawake wanne wakatoka majumbani na mitungi yao vichwani, mtu akiuliza kuna nini, mwenzake akimjibu twende kwanza. Milembe alihamisha bomba la shaba kutoka mtungi hadi mtungi, na kila maji yalipoanza kupata joto, mwingine ulikuwa tayari umesogezwa.

Saa nane na robo mchana alizima mashine. Mshono ulikuwa umelala safi kutoka mwanzo hadi mwisho. Walilifukia kasha kwenye majivu ya moto lipoe polepole, na Masunga akakaa karibu yake kama mtu anayelinda mtoto mchanga.

Kesho yake asubuhi injini iliwaka. Milembe alisafiri na kasha, hakutaka kusimuliwa. Maji yalipopiga birika la kunyweshea mifugo, wanawake walipiga vigelegele, na Masunga, mzee wa miaka 60, alivua kofia akalia hadharani. "Wabeja," yaani asante, alikuwa akirudia. "Wabeja sana, mayu."

Kati ya wafugaji waliosimama na mifugo yao pale alikuwepo Mashimba. Ng'ombe wake arobaini wanakunywa kwenye birika hilo hilo. Hakuwa amejua ni nani aliyeliponya kasha mpaka alipomwona shemeji yake akishuka kwenye gari na glavu mkononi.

Leo karakana hii ya nyumbani hupokea kazi tatu hadi nne kwa siku, na wastani wa shilingi 60,000. Mitungi ni saba, yote ya rangi ya udongo. Ile mitatu ya bluu Kwandu ameipandia mboga. Mwezi uliopita gari lilitoka Mwanza na kichwa cha injini kilichopasuka, kwa sababu tochi ya fundi wa huko ilikuwa imeungua.

Milembe anataka mashine ya pili na jenereta, avifunge kwenye mkokoteni pamoja na mitungi, afuate injini za visima huko huko vijijini badala ya watu kubeba makasha kwenye mablanketi. Anataka pia kufundisha wasichana wawili kila mwaka, na wa kwanza, Yusta, ameshaanza.

Kuhusu mtaji, anaonyesha uani. Ng'ombe wawili wamefungwa kwenye mti wa mwarobaini, wanacheua. Mashimba aliwaleta Jumamosi, kwa miguu, kutoka Lalago.

"Nilimuuliza, shemeji, hawa ni wa nini?" anasema Milembe. "Akaniambia, uza, ununue nyingine."

Kisha anashusha barakoa, na moto mweupe unawaka.