Maua ya Miiba na Mama Mkwe Wangu

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nami Mjimwema magoti yalipomchosha na shamba la Maposeni likabaki kwa shemeji yangu. Mume wangu alikuwa akifanya kazi mbali, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu. Tuliishi kwa adabu: shikamoo asubuhi, chakula, rozari jioni. Kilichotutenganisha ni maua yangu.

Ni yale ya miiba, yenye mashina ya kijivu na vijiua vyekundu juu. Nilianza na kipande kimoja nilichopewa na mwalimu mwenzangu, kikazaa safu nzima kutoka getini hadi barazani. Hayana makuu. Yanataka jua, udongo usiotuamisha maji, na mkono usiomwagilia kila siku. Mama aliyapita kwa mbali, khanga ameikusanya.

"Mwalimu, yang'oe haya," aliniambia siku moja. "Hapa pangetosha matuta mawili ya maboga."

"Yanapendeza, Mama."

Akaingia ndani, na neno hilo hakulirudia tena.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi imekaza, nilikuwa nayapogoa. Ukikata tawi hutoka utomvu mweupe kama maziwa, nao ni mkali. Nilivaa glovu. Lakini tawi moja lilikwama, nikalivuta, likafyatuka, na tone likaniingia jicho la kulia. Moto wake siwezi kuueleza. Nilitupa mkasi nikapiga kelele.

Mama, ambaye kuinuka tu kwenye kiti humchukua muda, alinifikia upesi.

"Usisugue! Usisugue, mwanangu!"

Alinikalisha penye bomba, akalaza kichwa changu mapajani mwake, akanifumbua kope kwa vidole viwili na kumimina maji kwa kopo. Nilipolia kwamba yanatosha, alisema, "Bado." Ndoo iliisha, akajaza nyingine. Ndipo akamwomba jirani atuitie bajaji. Hospitalini daktari alinitia dawa, akalifunga jicho, akasema maji yale ndiyo yaliyoliokoa.

Tukiwa njiani kurudi, Mama alianza kusema bila kunitazama.

"Mama yangu alipofuka jicho kwa mnyaa, ule mti wa uzio. Alikuwa anakata ua wa nyumba, utomvu ukamrukia. Mimi mtoto, nikampa kitambaa ajifute. Akasugua. Habari ya maji nilikuja kuisikia nimeshazeeka."

Nilimshika mkono. "Kesho nitayang'oa, Mama."

"Kwa jicho moja? Utaumia tena. Pona kwanza."

Siku ya nne nilitoka nje nikamkuta ameketi kwenye kigoda katikati ya maua, mifuko mitupu ya unga ameifunga mikononi, miwani yangu ya jua usoni. Alikuwa anamalizia kuipogoa safu. Vipande alivyokata alikuwa amevilaza kivulini vikauke utomvu kabla ya kupandwa, kama nilivyozoea kufanya. Kumbe siku zote alikuwa akinitazama.

"Huwezi kuacha kichwa kimenyolewa nusu," alisema.

Jicho lilipona. Yaliyokuwa karibu na baraza tuliyahamishia kwenye uzio, mbali na njia ya watu. Mwezi wa nane, Mama alipokuwa anakwenda Maposeni kusalimia, aliniomba vipande sita akavipande kwenye kaburi la baba mkwe.

"Mbuzi wa kule hawaachi kitu," alisema. "Haya watayaogopa."

Nilimfungia kwenye gazeti, tabaka tatu. Akakipakata kifurushi kwa mikono miwili, akaniambia niingie ndani, baridi isinipige jichoni.