Sombe ya Ilagala na Maji Niliyokataza Kumwagwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jiko la wagonjwa pale Kigoma mjini, Mpishi Mkuu aliniuliza kama najua kupika supu. Nikamjibu kwa kiburi cha binti wa Kasingirima, mtaa wa kando ya ziwa: nani asiyejua? Alionja yangu, akaimwaga yote kwenye ndoo ya taka. "Haya ni maji ya chumvi," alisema. "Mgonjwa anakula vijiko vitano tu. Kila kijiko kibebe kitu."

Yeye ndiye aliyenifundisha rojo, yaani supu nzito isiyo na nyama wala samaki. Maharage yanalowekwa, yanachemshwa mpaka yapondeke, yanachujwa maganda. Boga linaleta utamu, karanga za kusaga zinaleta mafuta, na tone la mawese linaleta rangi. Watu wa ziwani tunaamini supu ni samaki, kwa hiyo wagonjwa walininunia siku mbili. Siku ya tatu waliomba kuongezewa.

Baadaye nilihamishiwa Mwandiga kuwa mhudumu wa lishe, mtu anayezunguka majumbani kufundisha kina mama mapishi. Msimamizi wangu, ambaye wote tulimwita Bibi Lishe, alikuwa na amri tatu: funika sufuria, usichemshe mboga muda mrefu, usimwage maji yake. "Mnamwaga vitamini, halafu mnanililia watoto wamekonda!" alikuwa akifoka. Kwa mchicha na matembele alikuwa sahihi. Nami nilizishika amri zile kama sala, na nilipopelekwa kijiji cha Ilagala nikazihubiri kila ua.

Huko Ilagala nilimkuta Mama Neema. Binti yake wa miaka mitatu alikuwa ametoka kuugua, na kila akila dagaa midomo ilimvimba. Mama akaniuliza ampe supu gani arudishe nguvu. Nikamwambia achukue majani yoyote ya kijani aliyonayo shambani, aweke na karanga. Kisha nikamkaririsha zile amri tatu.

Siku ya nne, mchana, shemeji yake alinijia mbio. "Dada, twende! Mtoto ametapika mpaka amelegea."

Nilimkuta Neema anahema harakaharaka, shingo haimshiki. Mama yake alikuwa amempakata, analia kwa Kiha, "Yoo, mwana wanje!" yaani mwanangu mimi. Sufuria ilikuwa bado mafigani, imefunikwa vizuri kama nilivyofundisha. Nikafunua. Ilikuwa sombe, ambayo wengine wanaiita kisamvu, majani ya mihogo michungu. Yalikuwa yametwangwa juujuu tu, yakachemshwa kidogo, yakaachwa ndani ya maji yake ya kwanza.

Huku kwetu sombe inatwangwa mpaka ilainike, inachemshwa wazi muda mrefu, na maji ya kwanza yanamwagwa kwa sababu yana sumu. Mimi mwenyewe nimekua nikiyamwaga. Lakini mdomoni mwangu, nikifundisha, sombe haikuwahi kutajwa.

Mimi na mama yake tulipanda bodaboda, mtoto katikati yetu, hadi kituo cha afya. Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, alimgusa paji la uso. "Malaria hiyo, ni msimu wake," alisema, akamwita muuguzi alete sindano.

Sijipaki mafuta: nilinyamaza. Niliiona kazi yangu inakwenda, niliwaona kina mama wa Ilagala wakininyooshea vidole, na nilijua kwamba nikifunga mdomo hakuna atakayejua. Sikunyamaza muda mrefu, lakini nilinyamaza huku mtoto anahema. Halafu macho yake yakageuka juu.

"Mganga, si malaria! Amekunywa maji ya sombe chungu. Nimefundisha mimi."

Alinitazama mara moja tu. Hakunitukana. Aliacha sindano, akamwekea hewa ya mtungi, akapiga simu gari lije limpeleke mjini. Njia nzima niliushika mguu wa yule mtoto, nikiogopa kuuachia. Siku ya pili aliomba uji, nikaenda nyuma ya wodi nikalia kwa sauti.

Sasa nimestaafu. Majirani bado wananiita niwapikie rojo la maharage mgonjwa anaposhindwa kula, na naenda kwa furaha. Vijana wanaoanza kazi ya lishe wananiuliza adhabu yangu ilikuwa nini. Nilipewa barua ya onyo, na maneno yake nimeyasahau. Kilichonibadilisha mpaka nikawa siingii jiko la mtu bila kumuuliza kwanza "Kwenu mnapikaje?" ni jibu nililopewa pale wodini, nilipompigia magoti Mama Neema kuomba radhi.

"Nisamehe, mama. Nilidhani unajua kwamba sombe lazima imwagwe maji."

"Nilijua, dada," alisema, bila hasira yoyote. "Nimeyamwaga tangu utotoni. Hata siku ile nilishainua sufuria nimwage. Nikasema hapana, yule amesoma."